Nani alileta maji ya dawa?

Nenda shamba lolote la viazi huku Nyanda za Juu Kusini, iwe Umalila, Uporoto au Njombe, uliza nani anapuliza dawa ya bakajani, ule ugonjwa unaokausha majani ya viazi. Jibu litakuja haraka: baba. Na ni kweli. Bomba la mgongoni la lita 16 ni zito, dawa inawasha, na mara nyingi mwanamume ndiye anayelivaa. Sasa uliza swali la pili: maji ya dawa alileta nani?

Tuchukulie ekari moja ya viazi vilivyokwisha kufunga majani inakula mabomba 10. Hizo ni lita 160, yaani ndoo 8 za lita 20, kutoka bondeni hadi juu kwenye matuta, kichwani. Mvua zikikaza, dawa hurudiwa kila baada ya siku 7 hadi 10. Ikirudiwa mara 6 tu kwa msimu, ndoo zimefika 48. Kwenye daftari la bwana shamba kazi hiyo imeandikwa "kupuliza dawa – mwanamume". Ndoo 48 hazimo, na aliyezibeba hayumo.

Masomo ya wanawake yalianzishwa kwa ajili ya hizo ndoo. Vyuoni kwetu siku hizi yanaitwa zaidi taaluma ya jinsia, lakini kazi ni ileile: kuuliza swali la pili pale ambapo jibu la kwanza limemridhisha kila mtu.

Jina lenyewe linawachanganya wengi, kwa hiyo tulimalize. Jinsi ni maumbile: kuzaliwa ke au me. Jinsia ni yale ambayo jamii imeyabandika juu ya maumbile hayo: nani abebe ndoo, nani aseme kwenye kikao, nani arithi shamba, nani akilia achekwe. Jinsi ya mtu haibadiliki ukitoka Kyela kwenda Isimani. Jinsia hubadilika, maana kazi ambayo upande mmoja ni ya kike, upande wa pili unaweza kuwakuta wanaume wanaifanya bila aibu. Ndiyo maana taaluma haikukaa kwenye "wanawake" peke yake. Huwezi kueleza mzigo wa mmoja bila kueleza nani ameachiwa nafasi ya kutoubeba.

Hapo tayari dhana potofu ya kwanza imeanguka, ile inayosema neno "jinsia" ni namna ya kistaarabu ya kusema "wanawake". Dhana hii imeharibu ripoti nyingi kuliko nyingine zote. Mradi unaandika "masuala ya jinsia yamezingatiwa", na ushahidi wake ni karatasi ya mahudhurio: wanaume 31, wanawake 29. Karatasi hiyo inasema nani aliketi. Haisemi nani alizungumza, nani aliondoka saa sita kwenda kupika chakula cha mkutano huohuo, wala nani alikubaliwa hoja yake.

Nyingine, ambayo huja na kicheko, ni kwamba haya ni masomo ya kupika, kushona na kulea. Hapana, hiyo ni sayansikimu, fani yenye heshima yake na walimu wake. Sayansikimu inakufundisha kupika chakula chenye virutubisho. Taaluma ya jinsia inauliza kwa nini aliyekipika anakula mwisho.

Na ile ya "haya mambo ya Wazungu"? Inastahili jibu la kina kidogo, kwa sababu ina nusu ya ukweli. Programu rasmi ya kwanza ya masomo ya wanawake katika chuo kikuu cha Marekani ilianza San Diego mwaka 1970. Mwaka huohuo mchumi wa Denmark, Ester Boserup, alichapisha utafiti uliowashtua wapanga mipango: katika sehemu kubwa ya Afrika kilimo cha chakula kilikuwa mikononi mwa wanawake, huku mafunzo, mbegu mpya na zana zikipelekwa kwa wanaume. Hadi hapo, sawa, majina ni ya kigeni. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kikundi chake cha utafiti na uhifadhi wa kumbukumbu kuhusu wanawake tangu 1980. Wasomi akina Marjorie Mbilinyi na Ruth Meena walikuwa wakiandika juu ya ardhi, vibarua na elimu ya wasichana wa hapa. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, ilizaliwa 1987, na TGNP, mtandao wa jinsia, ikafuata 1993. Mkutano wa Beijing wa 1995 uliendeshwa na katibu mkuu Mtanzania, Gertrude Mongella. Kitu kilichokaa nyumbani muda wote huo na kuzaa watoto wake hakiitwi tena mgeni.

Zaidi ya hapo, malighafi ya taaluma hii ilikuwa huku kwetu kabla haijapata jina. Utengule, Usafwa, mmisionari wa Kimoravian Elise Kootz-Kretschmer aliandika simulizi za maisha za wanawake waliopita kwenye utumwa na vita katika ukanda wa kati ya maziwa Nyasa na Tanganyika. Miongo mingi baadaye mwanahistoria Marcia Wright alizirudia simulizi hizo na kuonyesha jambo ambalo historia ya machifu haikuweza kulionyesha: mwanamke asiye na ndugu wa kumtetea angeweza kuwekwa rehani au kuuzwa hata na watu wa kaya aliyomo, na kuolewa kulikuwa pia njia ya kutafuta ulinzi. Ukisoma vita vya wakati ule kwa kuhesabu ngome na mikuki, hilo hulioni. Kule Songea, miongoni mwa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 baada ya Majimaji, alikuwamo kiongozi mwanamke, Mkomanile. Watoto wengi wa shule wanamjua Mkwawa. Waulize kuhusu Mkomanile.

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe, maana wanaodhani taaluma hii ni maoni na malalamiko hawajawahi kuiona ikifanyika kijijini.

Kizuizi kikubwa kinaitwa kaya. Mtafiti wa kawaida hufika, huuliza mkuu wa kaya ni nani, huketi naye na kujaza dodoso: ekari ngapi, magunia mangapi, shilingi ngapi. Anaondoka akiamini amepima nyumba nzima. Amepima mtu mmoja. Kaya si mfuko mmoja ambao kila mkono unaingia. Ndani yake kuna fedha za viazi, fedha za mboga, fedha za kuku, fedha za ulanzi, na kila moja ina mwenyewe, ina siri yake na ina matumizi yake. Magunia ya viazi huuzwa kwa mnunuzi aliyekuja na lori, mara nyingi yakiwa yamejazwa lumbesa, na bei hukubaliwa kati ya wanaume wawili waliosimama pembeni. Mchicha huuzwa kwa fungu, na fedha yake huishia kwenye chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Mapato ya kaya yakiongezeka kwa upande wa viazi, haifuati kwamba daftari litanunuliwa mapema.

Gambia walilijua hilo kwa gharama. Mradi wa umwagiliaji wa mpunga wa Jahaly-Pacharr, miaka ya 1980, ulikusudia hata kuwanufaisha wanawake, waliokuwa wakulima wa mpunga wa jadi. Mashamba yaliyoboreshwa yakageuka kuwa "ya kaya", na ya kaya maana yake yakawa chini ya mamlaka ya mkuu wa kaya. Wanawake wakadaiwa nguvukazi kwa misimu miwili ya mwaka badala ya mmoja, bila kuwa na kauli juu ya mavuno. Wengi wakadai walipwe, na wengine wakagoma. Wahandisi walikuwa wamepima maji vizuri sana. Walichokosa kupima ni nani ana haki ya jasho la nani. Mtu anayepanga skimu ya mpunga Usangu au Kyela angefaidika kuisoma habari hiyo kabla ya kununua saruji.

Kwa hiyo kaya inafunguliwa vipi? Zana ni nyepesi. Ya kwanza ni saa 24. Unawagawa watu makundi mawili, wanaume peke yao na wanawake peke yao, na kila kundi linaeleza siku ya jana, si siku "ya kawaida". Ukiuliza siku ya kawaida utapewa siku ya kuigwa. Ukiuliza jana utapewa jana. Unaanza na kuamka: saa ngapi, ulifanya nini kwanza, wakati huohuo ulikuwa unafanya nini kingine. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Mama anayechambua maharage huku mtoto yuko mgongoni na kande ziko jikoni anafanya kazi tatu ndani ya saa moja. Ukiandika moja, umepoteza mbili. Kisha unalirudia zoezi hilo kwa msimu wa palizi na kwa kiangazi, maana siku ya Februari na siku ya Agosti hazifanani hata kidogo.

Zana ya pili ni punje 20 za mahindi. Unachora kwenye ardhi duara la baba, la mama, la watoto na la vibarua. Unataja kazi moja moja: kuandaa shamba, kupanda, kupalilia, kupandishia matuta, maji ya dawa, kupuliza, kuvuna, kuchambua, kushona magunia, kuuza. Kwa kila kazi kundi linagawa punje 20 kulingana na nani anafanya kiasi gani. Halafu unarudia kwa kitu kingine kabisa: nani anaamua. Kuna kutumia na kuna kudhibiti, na hapo ndipo pana utamu wa somo. Mama anaweza kutumia shamba kila siku ya Mungu na asiwe na kauli ya kulikodisha hata msimu mmoja. Kwenye chai ya Mufindi na Rungwe jedwali hili huwa na sura yake: punje za kuchuma zinalala upande mmoja, na jina lililosajiliwa kwenye ushirika, pamoja na akaunti ya benki, mara nyingi ni la upande mwingine.

Mambo yanayoharibika ni mengi, na karibu yote yanazuilika. Kufika saa tatu asubuhi wakati wa palizi: utawapata wazee, walevi na mwenyekiti. Bora alasiri, au siku ambayo wenyewe wameichagua. Kumhoji mke huku mume amekaa kwenye gogo hatua tano kutoka hapo: utapata majibu ya mume kwa sauti ya mke. Kumtumia mtoto wa mwenyekiti kama mkalimani wa Kisafwa au Kikinga: siri haitatoka. Kuruka salamu na kukimbilia karatasi: kwa Wahehe na Wabena "kamwene" huja kwanza, na asiyeisubiri imalizike hupewa majibu mafupi siku nzima.

Lakini kosa baya kuliko yote limo ndani ya dodoso lenyewe. "Je, unafanya kazi?" Mama aliyeamka saa kumi na moja, akachota maji, akapika, akapalilia, akauza mboga, atajibu, "Hapana, niko nyumbani tu." Hakudanganya. Swali ndilo lililodanganya, kwa sababu kwenye masikio yake "kazi" ni ile yenye mshahara. Ukiuliza "jana ulifanya nini tangu kuamka hadi kulala", jibu linajaza kurasa mbili. Vivyo hivyo "shamba ni la nani" huleta "la baba", wakati "nani anaweza kuliuza bila kumuuliza mwingine" huleta kimya, halafu mjadala. Kwa maoni yangu nusu ya elimu hii ni kujifunza kutunga maswali. Nusu ya pili ni kuvumilia kile kimya.

Sheria ni sehemu nyingine ambapo swali la pili limezaa matunda yanayoshikika. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjika. Juhudi ni nini? Kwa miaka kadhaa baadhi ya majaji walisema fedha au kazi ya kuonekana, wengine wakasema hata za jikoni. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Watu wengi wanaitaja hukumu hiyo bila kujua mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara alizitapanya. Kanuni alishinda, fungu akakosa. Tangu hapo mawakili wanabishana juu ya kiasi, si juu ya kama kupika ni kazi.

Kwenye ardhi, sheria mbili za 1999, Na. 4 (ya Ardhi) na Na. 5 (ya Ardhi ya Vijiji), zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Sheria Na. 4 inakwenda mbali zaidi: mwenzi aliyetia nguvu yake katika kuliendeleza shamba lenye jina la mwenzake anahesabiwa kuwa na maslahi ndani yake. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Maandishi ni mazuri. Yanaharibikia uwandani, siku ya kuhakiki mipaka. Mume anakwenda peke yake kwa sababu mke yuko kinyunguni, kwenye bustani ya bondeni, mhakiki anaandika jina alilotajiwa, na hati ya hakimiliki ya kimila inatoka na jina moja. Au majina yanaandikwa mawili lakini la mke ni lile la kijijini, "mama Fulani", lisilofanana na kitambulisho cha NIDA, na miaka ikipita akiwa mjane anaambiwa athibitishe kwamba yeye ndiye. Au mume ana wake wawili na karatasi ina nafasi ambayo wahusika walidhani ni ya mmoja. Anayetaka kuepuka hayo afanye mambo matatu kabla ya siku hiyo: wenzi wote wawepo shambani wakati wa kupima, majina yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho, na daftari lisomwe kwa sauti wakati orodha inabandikwa kwa ajili ya pingamizi, kwa sababu wakati huo kusahihisha ni rahisi.

Nimetaja kinyungu. Hapo kuna mfano ninaoupenda wa namna sheria isiyomtaja mwanamke hata mara moja inavyoweza kumwangukia yeye. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ina sababu nzuri, na mito yetu inakauka, hakuna ubishi. Lakini vinyungu vya Iringa na Njombe vimo humo humo bondeni, na mahali ambapo bustani za mboga za kiangazi ziko mikononi mwa akina mama, amri ya kuhama mita 60 haigusi shamba la mahindi la juu. Inagusa ile fedha ya sabuni na daftari. Mtu wa taaluma hii hasemi sheria ifutwe. Anasema kabla ya kupeleka mgambo, pima: bustani ngapi, za nani, zinaingiza nini, na kuna mahali gani pengine penye maji ya kumwagilia kwa ndoo.

Je, inawachukia wanaume? Mtu akishaisoma kwa dhati hukutana na wanaume kila kurasa chache. Njombe ndio mkoa wenye maambukizi makubwa ya VVU Tanzania Bara, asilimia 12.7 ya watu wazima kwenye utafiti wa 2022-2023. Mwanamke mjamzito anapimwa kliniki, yaani mfumo wa afya una mlango unaomnasa. Mwanamume hana mlango kama huo. Anakwenda hospitali akizidiwa, kwa sababu amelelewa kuona kwamba kuugua hadharani ni udhaifu, na kwa sababu foleni ya asubuhi inamla siku ya kibarua kwenye mbao. Anayechunguza kwa nini dume haliendi kupima anafanya taaluma ya jinsia, iwe anajua au hajui. Vilevile sheria ya kazi ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa mapacha, na baba siku 3. Hizo siku 3 zinasema jambo juu ya namna tunavyomwona baba, na si jambo la kumsifu.

Kuhusu ajira nitakuwa mfupi. Ukimaliza huajiriwi kama "mtaalamu wa wanawake". Unaajiriwa kama afisa maendeleo ya jamii wa kata, mtathmini wa miradi, mtu wa ustawi, mwandishi, mtafiti. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yenye mgawo wa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inahitaji mtu anayeweza kugundua kikundi cha wanawake 5 ambacho fedha yake inaingia mfuko wa mume wa mwenyekiti. Vyuo vya maendeleo ya jamii tunavyo karibu, Uyole na Rungemba. Kabla ya kujisajili popote angalia mambo mawili: kama mtaala una takwimu na mbinu za utafiti, na kama kuna mafunzo kwa vitendo ya vijijini. Kozi isiyo na hivyo viwili itakufundisha maneno tu, na maneno tayari tunayo ya kutosha.

Na kama wewe ni bwana shamba au mdadisi, na huna mpango wa kusoma kozi yoyote, chukua dodoso lako ulilonalo na uongeze safu tatu pembeni ya kila kazi: nani alifanya, nani aliamua, nani alipokea fedha. Gawanya "kupuliza dawa" kuwa mistari miwili, maji na kupuliza. Jaza makundi yakiwa yametengana, kisha yakutanishe na usome majibu mbele ya wote. Tumia penseli, maana hapo namba zitaanza kubadilika.